Binamu Alivyolirekebisha Jua

Niseme mapema, nisije nikaonekana msengenyaji: binamu yangu si mtu mbaya. Ni mtu asiyeweza kukiona kitu kimekaa mahali pake akakiacha. Ukimwachia redio ataifungua, ukimwachia mlango atageuza bawaba, na ukimwachia kompyuta, subhanallah, jihesabu umekwisha. Yeye ni mtoto wa shangazi yangu, mimi ni mtoto wa mjomba wake, na kwetu Bagamoyo hilo peke yake ni leseni. Mabinamu hutaniana. Akivikuta viatu vyangu mlangoni atavificha, nami nikiikuta chai yake naitia chumvi, na hakuna mzazi atakayekuja kuamua ugomvi kwa sababu ugomvi wenyewe haupo.

Tulipokuwa wakubwa utani ukahamia kazini, maana wote wawili tunaandika programu za wavuti. Yeye ana ukurasa wa mji. Ukiufungua kwenye simu unaona basi la Dar linaondoka saa ngapi, maji yanajaa saa ngapi, mnada wa samaki unaanza saa ngapi, na nyakati za sala. Hizo nyakati za sala ni zangu. Mimi ndiye niliyeandika maktaba inayozipigia hesabu, yaani fungu la msimbo lililo tayari, ambalo mtu mwingine analichukua na kulitia kwenye ukurasa wake asianze kuandika upya. Linajua Bagamoyo iko wapi duniani, linajua tarehe, linalipigia jua hesabu, na wakati ukifika linatamka: "Magharibi imeingia." Sauti ni ya kwangu. Niliirekodi nimejifunika shuka gubigubi, ili majogoo wa jirani wasisikike.

Sasa, kivinjari kinachofungua ukurasa ni kama jiko la nyumba ya ukoo. Vyombo vya kuanzia vimo tayari: kuna cha kupanga orodha, kuna cha kubadilisha maneno, kuna cha kukadiria namba. Vinaitwa vitu asilia, na kila msimbo unaoingia kwenye ukurasa ule unatumia hivyo hivyo. Ubaya wake ni kwamba havina kufuli. Yeyote aliyeingia jikoni anaweza kulichukua kopo la chumvi, akalijaza sukari, akalirudisha pale pale, na kopo likabaki limeandikwa chumvi. Wewe unayekuja nyuma unapika mchuzi wako kwa imani.

Alianza na orodha. Asubuhi moja nikafungua ukurasa wake, nikaona sala sita. Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha, na ya sita imeandikwa "Binamu". Nilitoa macho. Alikuwa amebandika kitu chake kwenye asili ya orodha zote, kwa hiyo kila orodha iliyozaliwa kwenye ukurasa ule ilizaliwa nacho, na maktaba yangu, mjinga wa kutupwa, ilikuwa ikipita kwenye orodha na kusoma kila inachokikuta. Nikampigia simu.

"We mwehu, umeongeza sala?"

"Hiyo si sala," akasema, "hiyo ni kumbusho la kumsalimia binamu yako. Wiki nzima hujanisalimia."

"Futa sasa hivi, kabla watu wa msikitini hawajaiona!"

Alifuta, huku akicheka mpaka akapaliwa. Nami nilicheka, nisiseme uongo, lakini baada ya kukata simu. Kisha nikaketi nikarekebisha. Tangu siku hiyo maktaba yangu ikikuta kitu kwenye orodha hukiuliza kwanza: wewe ni wa humu, au umepandikizwa? Kama kimepandikizwa inakiruka.

Wiki iliyofuata akahamia kwenye maneno. Alikichezea chombo cha kubadilisha maneno, na kila palipotakiwa kutokea "Adhuhuri" pakatokea "Adhuhuri na binamu hajala". Nikaja na dawa nyingine. Mstari wa kwanza kabisa wa maktaba yangu ukawa unachukua nakala ya vyombo na kuificha ndani, mapema, kabla mtu hajavigusa. Nikamwambia faili langu liingie la kwanza kwenye ukurasa. Akaapa kwa viapo vyote. Kesho yake akaliweka la kwake juu ya langu, kwa hiyo nakala niliyokuwa nikiificha kwa uangalifu mkubwa ilikuwa ya chombo kilichokwisha haribiwa. Nilikuwa nimefungia kabatini kopo la sukari.

Basi nikaja na la mwisho. Maktaba ikawa inafungua ukurasa mdogo mtupu ndani ya ukurasa wake, usioonekana, ambamo hakuna mtu aliyewahi kutia mkono, inachukua vyombo vipya huko, kisha inaufunga. Hapo akakwama. Alihangaika siku tatu, nikawa namwona tu anavyopita amenuna. Siku ya nne akaja barazani kwetu na kisahani cha haluwa, akakiweka mbele yangu. Nikaila yote huku ananitazama, wala sikumkaribisha.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Tatizo langu ni mdomo. Nilijisifu kwa kila aliyekaa kwenye baraza ile kwamba maktaba yangu haiingiliki, kwamba hata aje nani na fundi wake. Lakini kule kwenye ukurasa mtupu nilikuwa nimechukua vyombo vya orodha na vya maneno tu. Vya hesabu niliviacha vile vile, kwa sababu nilijiambia, nani atachezea hesabu? Utani gani ataupata mtu kwenye kukadiria namba?

Hapo ndipo anapoingia Bibi. Ni bibi yetu sote wawili, anamzaa baba yangu na mama yake binamu. Anaishi shambani Makurunge na kuku wake, na mjini hataki kuhamia, anasema mjini watu kazi yao kuchunguliana. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Mimi ananiita mke mwenza, binamu anamwita mume wangu, na akitukuta pamoja huanza kulalamika kwamba mume anampendelea mke mdogo.

Mwaka uliotangulia nilipasuliwa tumbo, na mambo hayakwenda vizuri. Kuna siku nyingi za hospitali ambazo sizikumbuki hata kidogo. Siku hizo, mimi nisiyejitambua, Bibi aliweka nadhiri: mjukuu wangu akitoka mzima, nitafunga siku thelathini mfululizo. Nikatoka mzima. Aliingoja Ramadhani ipite, akafunga na sita zake za Mfunguo Mosi, akapalilia mihogo, kisha akaanza kumlipa Mungu deni lake, mwanamke wa umri ule. Nilimsihi apunguze, hata aziachanishe apumzike. Akaniuliza kama mimi nilipewa roho kwa mafungu.

Kule shambani adhana haifiki. Zamani alikuwa akilitazama jua mwenyewe, sasa macho hayatazami na masika yamejaza mawingu, na redio yake kuku aliitagia ikafa. Kwa hiyo binamu alimwekea ukurasa wake kwenye simu, akaongeza sauti mpaka mwisho, na kila jioni Bibi alikaa na tende yake mkononi akinisubiri nimwambie magharibi imeingia. Majirani aliwaambia hana haja ya saa, anafuturu kwa kauli ya mke mwenzake. Mimi nikivimba kichwa, acha tu.

Jioni moja nilikwenda kwa binamu kurudisha bakuli la shangazi. Kompyuta yake ilikuwa wazi mezani, ikasema kwa sauti yangu, "Magharibi imeingia." Msikiti uko nyumba ya tatu kutoka pale. Kimya. Tukatega sikio. Kimya. Baadaye ndipo muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti na kuanza.

"Muadhini wenu anachelewa," nikasema. "Mwambieni atafute saa."

Kesho yake nikapita tena makusudi, nimfume vizuri. Ikawa hivyo hivyo: sauti yangu, kimya, dakika mbili kamili, ndipo muadhini. Nilishaanza kumsema mzee wa watu, kwamba ndiyo haya ya kufanya mambo kwa mazoea, huku nikikisogelea kioo cha kompyuta nimwonyeshe binamu ushahidi. Nikasoma. Alfajiri saa kumi na moja na robo. Adhuhuri saa sita na dakika ishirini na tano. Alasiri saa kumi kasorobo. Magharibi saa kumi na mbili na dakika ishirini. Isha saa moja na nusu.

Nikasoma tena. Jua gani hili linalotembea kwa robo na nusu?

"Binamu," nikasema, "umegusa nini?"

"Cha kwako sijagusa! Wallahi tena. Nimerekebisha ukurasa tu."

"Umerekebisha nini?"

Akanieleza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetegemea kupongezwa. Mabasi yalikuwa yakiandikwa yanaondoka saa mbili na dakika kumi na tatu, saa nne na dakika arobaini na saba. Watu wakimcheka. Bagamoyo nzima nani anasema saa mbili na dakika kumi na tatu? Watu husema saa mbili na robo, wakaondoka zao. Basi badala ya kurekebisha basi moja moja, amekifundisha chombo cha kivinjari cha kukadiria namba kikadirie kwa matano, yaani kila namba isogezwe kwenye tano au kumi iliyo karibu, na ukurasa mzima umepata adabu.

Haukuwa utani. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Miaka yote hii kijana wa shangazi ananichezea shere, na siku aliyokusudia jambo jema ndiyo siku aliyoniangamiza. Na wala hakukosea kuhusu watu. Mimi mwenyewe ukiniuliza saa njiani nitakwambia na robo, nisihangaike na dakika. Ndiyo maana mjini hakuna aliyeshtuka, na isitoshe, mjini watu hufuturu kwa adhana wanayoisikia kwa masikio yao.

Tulitazamana. Nadhani Bibi alitujia akilini kwa wakati mmoja, maana binamu aliacha kutabasamu kabla sijasema kitu.

"Umeiweka lini?"

"Wiki tatu. Zimepita kidogo."

Bibi alikuwa siku ya ishirini na moja. Tukachukua karatasi. Ya alfajiri haikututia hofu, maana daku hulila usiku wa manane. Siku jua lilipotua saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa, yeye alingoja mpaka nusu, hapo hapana ubaya. Lilipotua na dakika ishirini na saba, yeye alifuturu na ishirini na tano. Jana na leo limetua na ishirini na mbili, naye amefuturu na ishirini. Tulihesabu, tukarudia kuhesabu, tukapata siku nane. Siku nane bibi yangu amekula na jua halijatua, kwa kauli yangu, katika saumu aliyoifunga kwa ajili yangu. Nililia pale pale, na binamu akawa anasukuma bakuli la mama yake mbele na nyuma juu ya meza.

Kurekebisha kwenyewe hakukuchukua muda hata wa kunywa chai. Sikuazima tena chombo cha kukadiria, wala hicho cha kwenye ukurasa mtupu sikukitaka. Nilikadiria kwa kujumlisha na kutoa na kutazama kinachobaki, kwa alama za hesabu zenyewe, ambazo hazikai kwenye kopo na hakuna binamu awezaye kuzigusa. Kisha nikaiwekea maktaba jambo ambalo kiburi kilinizuia zamani: kabla ya kutamka chochote ijipime, na ikiona vyombo vinavyoizunguka vina walakini, iseme haina hakika, mtu akaulize kwingine. Mistari michache tu. Ningeiandika siku ile ya haluwa, Bibi angekuwa amebakiza siku tisa.

"Tusimwambie," binamu akasema.

"Nini?"

"Hajui, macho hayaoni, nia yake ilikuwa safi. Mungu anajua. Mwanamke mzee yule, unataka umrudishe siku ya kwanza?"

Ninaona haya kusema. Nilikuwa nikiwaza hayo hayo. Niliwaza mikono yake ilivyokonda. Niliwaza pia, tena sana, sura yangu itakavyokuwa mbele ya wale majirani.

Tukaenda kwanza kwa shehe aliyetusomesha chuoni utotoni. Alitusikiliza, akauliza kivinjari ni nini, tukamweleza, akasema astaghfirullah, nadhani kwa ajili ya kivinjari. Kisha akasema zile siku nane hazikutimia, hilo halina mjadala kwake. Kwa kuwa mama mwenyewe aliweka sharti la mfululizo, msimamo anaoushika yeye ni aanze upya. Ila wapo wanazuoni wanaomwonea huruma aliyekosea bila kujua, wakasema alipe zile siku tu. "Mwambieni yote mawili," akasema, "na mwambieni kwamba mimi nimesema lile jepesi si haramu kwake."

Asubuhi tukapanda bajaji kwenda Makurunge. Tulimkuta uani anawaita kuku.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Na mume wetu naye nakusikia unavyohema. Mmekuja wawili asubuhi asubuhi, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na vyombo asilia, nikaingia kwenye makopo, nikarudi nyuma, mpaka akaninyamazisha kwa mkono.

"Sauti yako ilikuwa ikiniambia uongo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wa muda gani?"

"Dakika mbili. Si siku zote. Siku nane."

"Kwa hiyo nimekula mchana."

"Dakika mbili tu, Bibi," binamu akaingilia.

"Mchana ni mchana." Akamgeukia pale aliposikia sauti. "Wewe, mume wangu. Nani alikuambia jua linataka msaada wako?"

Binamu akaomba radhi. Mara ya kwanza maishani mwake, na sikuifurahia hata kidogo.

Nikampa kauli za shehe, zote mbili, na lile jepesi nikalisema polepole zaidi, nikalirudia. Nilitaka alichukue. Nilikuwa tayari kumbembeleza. Bibi akamwaga punje zilizobaki, akakung'uta mikono.

"Siku ile mama yako alipiga simu akasema hujui hata jina lako," akasema. "Sikumwambia Mungu thelathini kasoro. Sikumwambia karibu karibu. Nilimwambia thelathini mfululizo, na yeye amekurudisha mzima, hajakurudisha karibu na mzima. Kesho naanza moja."

Nikasema na mimi nitafunga naye, zote. Bibi akasema hilo ni juu yangu. Kisha akatega sikio upande wa binamu, na tukasikia wazi kabisa akimeza mate. Yeye ni mtu wa kula mara nne kwa siku, na ya tano akipita kwa watu.

"Na mimi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Hapo sasa mume wangu," Bibi akasema, akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, cheko la ukatili hasa. "Na maandazi nitakuwa nakaanga hapa hapa, uyanuse."

Jioni ya kesho yake tulikaa watatu kwenye mkeka, mimi na simu, Bibi na tende yake. Mawingu yalikuwa mazito, ukiuliza jua liko wapi hakuna angejua. Binamu alikuwa amelala chali kwa njaa tangu alasiri, wala hakuigusa simu, nilihakikisha. Msimbo niliupima mara ngapi sijui. Nilikuwa nimeulinganisha na muadhini wa mjini, nimeulinganisha na ratiba ya msikitini, nimeutilia kila uchafu niliouwaza, na haukuyumba. Bado niliwaza, itakaposema, nitamwambia Bibi asubiri kidogo, dakika tano hivi, kwa usalama.

Sauti yangu ikatoka kwenye simu: "Magharibi imeingia."

Mimi niliyeiandika nikasita. Nikafungua mdomo nimwambie angoje. Bibi hakungoja. Alisema bismillahi, akatia tende kinywani, akaanza kuitafuna kwa utulivu, uso wake umeelekea kwangu.

Nikachukua ya kwangu, nikala.